Mabega Yasiyokunjika

9 Februari

Shati, mdogo wangu,

Hongera tena. Picha ya mtoto nimeiegemeza kwenye kikombe mezani kwangu, kwa hiyo kila nikitaka chai inabidi nimwombe radhi kwanza nimsogeze. Safari hii nataka barua, si simu. Kwenye simu wewe unacheka tu, na mtu anayecheka huwezi kujua amekula au hajala.

Kuna jambo nimeliona kazini na sina wa kumwambia, maana hapa hakuna aliyemjua Baba. Unajua kazi yangu ni kutazama viinitete vya panya, yaani watoto wa panya ambao hawajazaliwa, ili tujue mifupa inaanzaje. Tunawatia rangi mbili. Gegedu, kile kitu laini kama cha sikio, linakuwa buluu. Mfupa unakuwa mwekundu. Nyama tunaisafisha kwa dawa hadi haionekani, na kinachobaki ni mifupa mitupu ya rangi, urefu wa kiungo kimoja cha kidole.

Nikueleze kwa lugha ya fundi cherehani. Mifupa mingi huanza kama wewe unavyoanza koti: unakata karatasi kwanza, kitambaa kinafuata. Gegedu ndilo karatasi. Kuna jeni inayoamuru, "Kateni karatasi," halafu nyingine inakuja kuamuru, "Sasa wekeni kitambaa," na mfupa unachukua nafasi ya gegedu taratibu. Ila mitulinga, ile mifupa miwili chini ya shingo, haina subira. Sehemu yake kubwa inakatwa moja kwa moja kwenye kitambaa, na fuvu la kichwa pia.

Wiki iliyopita nilipewa panya ambaye hiyo jeni ya pili ina kasoro. Alikuwa mwekundu kila panapotakiwa, isipokuwa utosini na chini ya shingo. Hana mitulinga. Nikachukua kibanio, nikayasukuma mabega yake kidogo, yakaja mbele yakakutana. Shati, nilimwona Baba! Nilimwona amesimama nyuma ya meza ya kukatia, tepu shingoni, anakunja mabega mpaka yanagusana chini ya kidevu, wateja wanapiga kelele, na wewe pembeni yake unakunjika naye. Kumbe hayakuwa mazoezi wala kipaji. Ni ya damu, inatoka kwa baba inaingia kwa mtoto. Yale meno ya utotoni aliyozikwa nayo, na huo utosi wako uliokataa kufunga mpaka Mama akawa anafukuza watoto wa jirani wasikuguse kichwa, yote ni kazi ya jeni hiyo hiyo. Mengine yake nitakueleza siku nyingine, ni marefu.

Nilicheka peke yangu. Mwenzangu wa meza ya pili akatoa visikizio masikioni, akanitazama, akavirudisha.

Niandikie mtoto anafanana na nani.

Dada yako,
Ubao wa Pasi, nisiyekunjika


27 Februari

Dada,

Barua imefika na nimeisoma zaidi ya mara moja. Shangazi naye nimemsomea. Alipiga paja akasema, "Si nilisema mimi!" Ameniomba nikushukuru, na unajua Shangazi hamshukuru mtu bure. Imenisaidia kuliko unavyofikiri.

Dukani tuko kwenye sare za shule, kaptula na sketi mpaka macho yanaona mistari. Cherehani ya Baba imeanza kuruka nyuzi. Fundi wa cherehani anasema inataka kupumzishwa, nikamwambia hata mimi nataka kupumzishwa, nani ataanza?

Mama mtoto amekwenda kwao kidogo. Nyumba imepata nafasi, nimehamishia meza ya kukatia sebuleni ili nifanye kazi vizuri.

Wewe kula, usijifanye una shughuli. Na hao panya wako wape salamu.

Ndugu yako,
Shati


15 Machi

Shati,

Nimeisoma barua yako nikitafuta mtoto, sijamwona. Kuna kaptula, kuna cherehani, hata panya wangu wamepata salamu. Mtoto hayumo. Hukuandika "binti yangu" hata mara moja. Na hiyo meza umeiweka wapi sebuleni? Kwenye picha niliyo nayo, pale dirishani pana kitanda cha mtoto.

Labda nakuchunguza kwa sababu sina mwingine wa kumchunguza. Jumapili iliyopita, jua lilipozama, niligundua kwamba neno pekee nililotamka tangu niamke ni "asante," nilimwambia mwuza mkate. Nikalisema tena nyumbani, nisikie kama sauti bado ipo. Mwenye nyumba ninakopanga ni mtu mzuri, lakini yeye huongea na runinga, na runinga humjibu vizuri kuliko mimi.

Nilikuwa natafuta sindano kwenye droo nikakuta kitana cha Baba. Kile cheusi kilichovunjika meno, nilichochukua siku tulipogawana vitu vyake, wewe ukachukua mkasi. Bado kina nywele zake. Sijawahi kukisafisha.

Kama kuna jambo, liseme. Mimi ni mkubwa wako, nitalibeba.

Ubao


2 Aprili

Wifi,

Sijui kama bado ninaruhusiwa kukuita hivyo, lakini sijajifunza jina lako jingine. Ndugu yako hajui kwamba nakuandikia. Niko kwa wazazi wangu na mtoto.

Mtoto alipokuwa mchanga kabisa, Shangazi yenu alikuja kumwona. Alinawa mikono vizuri, akamlaza mapajani, akashika mabega yake na kuyasogeza mbele. Nilidhani anamkanda. Mtoto akalia. Akayasogeza tena, akamgeukia mume wangu akasema, "Wa kwetu hukunjika. Hata wewe nilikupima hivi hivi." Mume wangu akacheka, nami nikacheka, maana nilidhani ni utani wa ukoo. Lakini kuanzia siku ile akawa kila akimbeba, mkono wake unakwenda begani kwa mtoto. Anabonyeza kidogo, anaacha.

Kisha barua yako ikaja. Aliisoma kwa sauti mezani, anafurahi, mpaka alipofika pale uliposema, "Ni ya damu, inatoka kwa baba inaingia kwa mtoto." Hapo akaishia. Akaikunja karatasi, akaniuliza kwa ile sauti anayomwulizia mteja kama kitambaa ni chake au cha dukani: "Huyu ni wa nani?"

Nilifunga nguo za mtoto nikaondoka. Hakunizuia, na hajaja.

Sikulaumu, wifi. Uliandika kwa furaha, na mimi nilikuwa napenda barua zako zikisomwa. Nataka tu ujue hii ilifanya kazi gani. Sijamjua mwanamume mwingine tangu nimjue ndugu yako. Sitalisema hili mara ya pili kwa mtu yeyote.

Na tafadhali, usije ukamshauri apime damu. Najua vipimo vipo. Akipima, nitashinda, kisha nirudi kuishi kwenye nyumba iliyonipima? Siwezi. Akileta kipimo, harudi na mimi.

Mtoto hajambo. Ameanza kucheka na ukuta.

Wifi yako


11 Aprili

Shati,

Barua hii msomee Shangazi pia, na safari hii usiishie katikati.

Wifi ameniandikia. Usimkaripie kwa hilo, ungekuwa umeandika wewe asingehitaji. Nimekasirika, na nimejikasirikia pia, kwa sababu nilikuandikia nusu ya habari nikaona inatosha. Nusu ya pili ndiyo hii.

Kila jeni tunayo mara mbili, moja ya baba na moja ya mama. Baba alikuwa na moja nzima na moja yenye kasoro. Angekuwa na mbili zenye kasoro asingeishi. Nimewaona panya wa namna hiyo: buluu mwili mzima, gegedu tupu, hakuna hata alama ya nyekundu, na wakizaliwa hawawezi kupumua kwa sababu kifua hakina mfupa wa kukishikilia. Basi Baba alikuwa na mbili, na kwa kila mtoto alitoa moja. Mtu hachagui atoe ipi. Wewe ulipata yenye kasoro. Lakini Mama alikupa nzima, na hiyo nayo unayo mpaka sasa. Ulipopata mtoto ukatoa moja kati ya hizo mbili. Ni nusu kwa nusu, na kila mimba inaanza upya.

Kwa hiyo mtoto mwenye mitulinga hajathibitisha kwamba si wako. Hajathibitisha lolote. Huenda ulimpa ile ya Mama. Huenda kila ulipokuwa unabonyeza lile bega ukiona halifungiki, ulikuwa unamshika Mama, na hukumjua.

Sasa sikiliza lile ambalo sikulisoma kitabuni. Shangazi alinawa mikono kwa ajili yangu kabla hujazaliwa. Mama aliniambia alipokuwa anaumwa. Nililazwa mapajani pale pale, nikasukumwa, nikalia, na Shangazi akasema maneno yale yale. Mama alinyamaza, na Baba alinyamaza, na hakuna aliyeniambia kama kimya chao kilikuwa cha namna moja. Wewe ulipozaliwa ukakunjika, nyumba nzima ilishangilia.

Unakumbuka mlivyokuwa mkiwachekesha wateja, wewe na Baba? Mimi nilikuwa nashika pini. Nilikuwa nikibaki peke yangu nasimama mbele ya kioo cha dukani, nayasukuma mabega yangu mpaka machozi yanatoka, nikiomba yakutane hata mara moja. Mliniita Ubao nikacheka, kwa sababu jina la utani ni afadhali kuliko kukosa jina. Unadhani kwa nini nimesomea mifupa? Unadhani kwa nini naishi mahali ambapo nasema neno moja kwa siku?

Kama binti yako si wako kwa sababu hiyo, basi mimi si wa Baba, na wewe huna dada. Amua lote kwa pamoja.

Ubao


5 Mei

Dada,

Sikujua. Naapa sikujua. Nilidhani ulikuwa unapenda kushika pini.

Nimemsomea Shangazi yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema panya si watu. Nikamwuliza, "Na dada je, si mtu?" Akaomba maji ya kunywa. Hajaja tena tangu hapo.

Dada, nimeelewa ulichoandika. Nimekata hata vipande vya kitambaa, viwili vyeupe vya mama yake, na vyangu kimoja cheusi na kimoja cheupe, nikavichezesha mezani mpaka nikaona mwenyewe inavyokuwa. Lakini moyo haukatwi kwa mkasi. Mchana nasema ni wangu, nikifunga duka nasema sijui. Umesema mabega hayathibitishi chochote. Basi kuna kinachothibitisha, na nyie mnacho huko. Nitumie. Nikishajua, nitakwenda kuwachukua kwa moyo mweupe, na sitauliza tena maisha yangu yote.

Usiniache katikati. Nyumba hii haina sauti. Juzi nilijikuta nabembeleza cherehani.

Shati


20 Mei

Shati,

Ndani ya bahasha hii kuna vijiti vitatu vya pamba na kitana cha Baba. Kijiti kimoja ni chako, unakisugua ndani ya shavu. Cha pili ni cha mtoto, mama yake akikubali. Maelekezo nimeyaandika nyuma ya karatasi hii, pamoja na mahali pa kuvipeleka huko huko kwenu.

Lazima ujue kwamba mke wako ameshasema: kipimo kikiingia, yeye hatarudi. Nakutumia nikilijua hilo, kwa sababu binti ni wako kumpokea au kumkataa. Mimi siwezi kumpokea kwa niaba yako.

Kijiti cha tatu kimeshatumika. Kina mate yangu. Nywele zilizo kwenye kitana bado zina mizizi, na mizizi inatosha. Mahali ninapofanya kazi, ningeweza kujua kama mimi ni wa Baba kabla mkate wangu haujaota ukungu. Kitana kimekuwa kwenye droo yangu tangu tumzike, na sikupima. Usidhani ni ujasiri. Naogopa, mdogo wangu. Naogopa jibu baya kwa sababu litanichukua Baba, na naogopa jibu zuri pia, maana nitajua kwamba niliishi utoto mzima pembeni bila sababu. Kwa hiyo nilikuwa nafungua droo, nakitazama, nachukua sindano, nafunga.

Lakini ukiamua kumpima mwanao, basi tupimwe wote siku moja. Asiende peke yake. Majibu utayasoma wewe, ya kwake na ya kwangu, na utaniandikia ukitaka. Usipotaka, nitaelewa.

Kitana na vijiti nimeshavitia kwenye bahasha, imebaki barua hii tu. Punde hivi nimefungua droo kwa mazoea. Sasa ina sindano tu.

Ubao


18 Juni

Dada,

Nisamehe kukawia. Nilitaka niwe na la kusema.

Bahasha ilipofika sikuifungua. Niliitia mfuko wa ndani wa koti nikaenda kwa wakwe. Nilikalishwa kwenye benchi nje ya mlango, na baba mkwe akapita mbele yangu mara kadhaa kana kwamba mimi ni sehemu ya benchi. Nilistahili. Mwishowe mama mtoto akatoka na mtoto mkononi. Hakunisalimia. Akaliangalia koti langu, na unajua mke wa fundi anavyojua mfuko wenye kitu. Akauliza, "Ni kipimo?"

Nikasema ndicho.

Akaninyooshea mtoto. "Haya. Pima."

Dada, nilimpokea. Amekuwa mzito. Alinishika sikio akalivuta kama anakagua mshono. Mkono wangu ukaenda begani kwake kwa mazoea mabaya, na nikausikia, mfupa mwembamba, umepinda kidogo kama hanga ndogo ya nguo. Nikajua nimeshaushika zamani. Nilipokuwa mdogo na miguu ikinichoka, wewe ulikuwa unanibeba mgongoni kutoka shuleni, nami nilikuwa nashika hapo hapo, chini ya shingo yako, vidole vikiukumbatia ule mfupa nisianguke. Kwa Baba hapakuwa na pa kushika. Nilikuwa nateleza. Kwako sikuwahi kuteleza hata siku moja. Hilo nililisahau vipi?

Nililia pale kwenye benchi, na baba mkwe akaacha kupita.

Niliifungua bahasha pale pale, nikaisoma barua yako, na vijiti vyote vitatu, chako kikiwamo, niliviingiza kwenye moto wa mama mkwe mbele ya mke wangu. Sikusugua shavu. Mke wangu alivitazama mpaka vikaisha, akasema, "Sijarudi." Nikasema najua. Amesema niwe naenda kila Jumapili kukaa na binti yangu, yeye atatazama, na siku akiona inafaa atafunga nguo zake mwenyewe. Jumapili tatu nimeshakwenda. Jana alinipa chai. Haikuwa na sukari, lakini ilikuwa chai.

Meza ya kukatia nimeirudisha dukani. Kitanda kiko dirishani, kitupu, lakini kiko. Shangazi alikuja juzi, nikamwambia akitaka kunawa mikono nyumbani kwangu, iwe ni kwa ajili ya kula tu. Alinuna, kisha akala.

Sasa kuhusu kitana, usinikasirikie, kilikuwa chako. Nimekiosha. Nimetumia sabuni na maji ya moto, na mswaki kwenye kila jino lililobaki, mpaka hakuna hata unywele. Sasa hakuna mtu wa kukuambia wewe ni wa nani isipokuwa mimi, na mimi nakuambia: wewe ni dada yangu na Baba ni wako. Jumapili nilikichukua nikamchana binti yangu. Ana nywele ngumu kama zako, alipiga kelele mtaa mzima ukasikia.

Kitana sikitumi kwa posta. Njoo ukichukue mwenyewe.

Ndugu yako,
Shati